Anande na Mvumo wa Gitaa la Tajeu

Pale Kijenge, nyumba ya tatu kutoka kwenye mashine ya kusaga, anaishi mama mmoja wa miaka sitini na miwili aitwaye Anande. Majirani humwita Mama Irine, kwa jina la binti yake aliyeolewa Dodoma. Wanajua kwamba anaimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika, na kwamba ukimsemesha barabarani yaweza kupita kitambo kabla hajakuitikia, amesimama tu na kikapu chake, kichwa kimeinama upande mmoja kama kuku aliyesikia mwewe. Kuna waliodhani masikio yameanza kuzeeka. Kumbe masikio ya Anande yalikuwa mazima kuliko ya wajukuu zao. Alikuwa anasikia mno, basi, na akisikia jambo la kumpendeza huzama ndani yake mzimamzima.

Tabia hiyo aliipata kazini. Alipokuwa msichana, ameshuka kutoka Machame na sanduku lake la bati, aliajiriwa kuwa opereta katika kituo kidogo cha simu upande wa kusini wa Mlima Meru. Simu za siku hizo hazikujua njia zenyewe. Mtu wa shamba la kahawa alizungusha mkono wa simu yake, kwenye ubao mbele ya Anande kifuniko kidogo cha shaba kikadondoka, tik, naye akachomeka kamba na kuuliza, "Kituo hapa, nikuunganishe na nani?" Akishaunganisha, sheria ilimtaka atoe sikio lake, awaache wenyewe na mambo yao. Aliishika sheria hiyo. Posa, misiba, magomvi ya mipaka, vyote vilipita mikononi mwake bila yeye kujua mwisho wake.

Lakini kabla upande wa pili haujapokea, palikuwa na kitambo kifupi ambapo waya ulibaki peke yake. Hapo ndipo Anande alipoishi. Waya ulivuma. Wakati wa kiangazi ulivuma kwa sauti nyembamba, kama mtu anayeimba na midomo imefungwa akiwa mbali shambani. Masika yakiingia sauti ilinenepa, ikawa na mikwaruzo ndani yake majani mabichi yalipogusa nguzo kule juu msituni. Asubuhi za Julai, ukungu unaposhuka mpaka kwenye madirisha ya kituo, mvumo ulikuwa mzito na laini kiasi kwamba Anande alifumba macho, na ikawa kama mlima wote umelala na yeye amelaza sikio kifuani pake.

Fundi wa njia za simu, mzee aliyeitwa Yoeli, alimkuta siku moja hivyo, amefumba macho na kamba mkononi.

"Unasali?" akamuuliza.

"Nasikiliza, mzee. Hii sauti ni ya nini?"

Yoeli akacheka. Alikuwa na koti lililonuka mkaratusi kwa sababu ya kukumbatia nguzo mchana kutwa. "Huo ni umeme unaorandaranda hewani, unaingia kwenye waya. Waya ukiwa umefungwa vizuri ardhini, unameza. Ukikatika njia yake ya kwenda ardhini, ndipo unalia hivyo. Sasa ukiugusa kwa mkono, hunyamaza kidogo. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu na wewe ni udongo. Hujasoma?"

Yoeli ndiye aliyemfundisha kulehemu, jioni baada ya zamu, kwa vipande vya waya vilivyobaki. Alimfundisha kupasha moto kwanza pale panapounganishwa, kisha kuileta risasi ije yenyewe, itiririke na kung'aa kama jicho la samaki. Alimfundisha pia kwamba fundi huanza kwa kumuuliza mwenye kitu kilianza kuumwa lini, kama mganga. Anande alishika mengi. Hilo la mwisho lilimtoka baadaye, kama tutakavyoona.

Mitambo ya kujiendesha ilipofika, ule ubao ukang'olewa ukutani na kupakiwa kwenye lori, kamba zake zikining'inia. Anande aliolewa na Aminieli, dereva, akahamia mjini, na Aminieli alipofariki, Irine akiwa darasa la sita, mama akakodi kibaraza Kaloleni akawa fundi redio. Miaka mingi watu wa mtaa walimletea redio zao wamezibeba kama watoto wagonjwa. Kisha vikaja vitu ambavyo vikiharibika hutupwa. Anande akakifunga kibaraza, chuma chake cha kulehemu akakiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na bisibisi na mita ya kupimia, na kopo likapanda juu ya kabati. Tangu hapo hakuusikia tena ule mvumo, hata ule wa redio mbovu. Alikuwa ameshazoea kwamba hatausikia.

Sasa, katika kwaya yao alikuwapo kijana wa miaka thelathini na nne aitwaye Tajeu, mpigaji wa gitaa la besi. Kwao ni magharibi ya mlima, kule ardhi inapokauka, ambako anafuga ng'ombe na kulima mahindi na maharage. Kila Alhamisi ya mazoezi na kila Jumapili alishuka na gitaa mgongoni ndani ya mfuko alioshonewa na mama yake kwa blanketi kuukuu. Gitaa lenyewe, lenye nyuzi nne nene, lilikuwa la bendi moja ya hotelini iliyokufa. Tajeu alilipenda kupita kiasi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na watu walizoea kwamba akitaka kusema kitu hukisema kwa uzi wa nne.

Jumapili iliyofuata Pasaka, Tajeu alichomeka gitaa kwenye spika kama kawaida, na spika ikaanza kuvuma.

Mmmmm.

Waumini wa mbele waligeuka. Mwalimu Godwin, kiongozi wa kwaya, alikunja uso. Tajeu akainama, akazungusha vifungo vya sauti, akachomoa waya na kuuchomeka tena. Kwaya ikasimama kuimba. Anande peke yake hakusimama. Alikuwa amekaa na kitabu mapajani, amefumba macho, na mbele yake palikuwa na madirisha yenye ukungu, na kifuniko cha shaba kilikuwa karibu kudondoka, na alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mwenzake alimpiga kiwiko. Akasimama, akaanza kuimba ubeti ambao wengine walikuwa wameumaliza.

Kuanzia siku hiyo alihama kiti. Alisema pale pa zamani jua linampiga usoni, akakaa karibu na spika.

Wengine hawakufurahi. "Tajeu amekuja na mzinga wake wa nyuki," walitania, na utani ukaota miiba kila wiki ilipopita. Tajeu alibadilisha waya. Alibadilisha nyuzi. Fundi mmoja wa mjini alilitazama gitaa kwa mbali, akamwambia atafute jingine. Yeye akaendelea kupiga, uso umemwiva kwa aibu, na kila wimbo ulipokwisha na kanisa likanyamaza kwa ajili ya sala, mvumo ulibaki hewani kama mgeni aliyesahau kuaga.

Na Anande alijua. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye, kwamba alijua tangu wiki ya pili. Alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye gitaa. Aliona kwamba Tajeu akishika nyuzi mvumo hautikisiki, lakini kiganja chake kikigusa kile chuma kinapochomekwa waya, mvumo unashuka papo hapo. Mahali fulani ndani ya gitaa lile, njia ya kutoka kwenye nyuzi kwenda ardhini ilikuwa imekatika. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Alihitaji tu kufungua mdomo.

Hakuufungua. Kila Alhamisi alijiambia atasema kesho, na kila Jumapili alikaa karibu na spika, mikono mapajani, akishuka kwenye ule mvumo polepole kama mtu anayeshuka mtoni kuoga. Wakati mwingine hata baada ya ibada ulimfuata. Akimenya ndizi jikoni kwake, mlima umefunikwa na wingu dirishani, aliusikia nyuma ya kimya cha nyumba, asijue kama anaukumbuka au anauota. Aprili ikapita, na Mei, na Juni.

Mwanzoni mwa Julai, kwaya ikijiandaa kwa Sikukuu ya Mavuno, Mwalimu Godwin aliomba watu wakae. Hakuwa mtu mbaya, Godwin. Alitafuta maneno muda mrefu.

"Ndugu yetu Tajeu," alisema, "wageni watakuwa wengi siku ya Mavuno. Naomba gitaa lipumzike nyumbani. Wewe uimbe na sauti ya nne."

"Sawa, mwalimu," akasema Tajeu.

Jumapili hiyo alisimama mstari wa nyuma. Spika ilikuwa kimya. Anande aligeuka mara moja kumtazama, na alichokiona ni mikono. Tajeu hakujua pa kuiweka. Aliifungamanisha mbele, akaipeleka nyuma, akashika mshipi wa suruali. Na wimbo ulipofika mahali ambapo besi hutembea peke yake, vidole vya mkono wa kulia vikaanza kucheza juu ya paja lake, vinapiga nyuzi zisizokuwepo.

Anande aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Baada ya ibada alimsubiri uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Alhamisi niletee lile gitaa nyumbani. Na spika yako ndogo kama unayo."

Tajeu alimtazama asielewe. "Utalipeleka wapi, mama?"

"Silipeleki popote. Nitalitengeneza mwenyewe."

Alilileta pamoja na spika ndogo, akaliacha mezani kwa heshima zote, akaenda mjini kwenye shughuli zake. Anande akashusha kopo la biskuti. Kulikuwa na baridi ya Julai, ukungu umekaa juu ya mapaa ya Kijenge, na chuma cha kulehemu kilipopata moto, ule moshi mdogo wa risasi ulipanda mbele ya dirisha ukamrudisha mbali. Alifanya kazi kama mtu aliyelala. Alilifungua gitaa mgongoni, akaona waya zote zimeshika vizuri, akazilehemu upya hata hivyo. Kisha akakumbuka kwamba mafundi huvika tundu la ndani karatasi ya fedha ili kuzuia umeme wa hewani, akachukua ile ya kufungia chakula, akalivika tundu lote, kwa ustadi kabisa. Akafunga. Akachomeka.

Kimya. Akapiga uzi. Kimya. Gitaa lilikuwa limekufa kabisa, bila mvumo na bila sauti.

Anande akakaa chini. Alijua haraka alichokifanya: karatasi imegusa waya wa sauti, na sauti yote inamwagika ardhini kabla ya kufika kwenye spika. Alilifungua tena, akaitoa karatasi vipande vipande, na gitaa likafufuka pamoja na mvumo wake vilevile. Akabaki analitazama, chuma kikipoa, akisikiliza. Usingizi ukamchukua hapo hapo kwenye kiti. Aliota yuko kituoni, vifuniko vyote vya ubao vimedondoka kwa pamoja, watu wote wa mlima wanaita, naye kamba hazimfiki mkononi.

Aliamshwa na hodi ya Tajeu.

"Bado," akamwambia alipoingia. "Kaa, nikumiminie chai." Na alipokuwa anamimina, akiwa bado nusu yuko ndotoni, ndipo alipokumbuka kuuliza. "Hivi lilianza lini kuvuma?"

"Baada ya Pasaka, mama."

"Na kabla yake?"

"Kabla yake lilikuwa zima kabisa."

"Wiki ile ya Pasaka ulilifanya nini?"

Tajeu alifikiri. "Sikulifanya kitu. Nililipaka rangi tu."

Anande akaweka birika chini. Wote wawili wakalitazama gitaa. Lilikuwa la bluu iliyokolea, inayong'aa, rangi ya mafuta ile ile ya madirisha.

"Ilibaki tulipopaka nyumba ya mama," Tajeu akaeleza. "Nikaona nililipendezeshe kwa ajili ya sikukuu, ila rangi ikachelewa kukauka mpaka Jumapili iliyofuata. Nilifungua kila kitu, nikapaka mikono mitatu."

"Na hiki chuma kinachoshika nyuzi huku mwisho? Ulikifungua?"

"Nilikifungua. Nikapaka chini yake, nikakirudisha."

Anande alichukua mita, akagusa ncha moja kwenye nyuzi na nyingine kwenye chuma cha kuchomekea. Mshale haukusogea. Akalegeza nyuzi, akafungua skrubu za kile chuma, akakinyanyua. Kutoka kwenye tundu dogo la mbao kilichungulia kichwa cha waya, kimelala kwenye ubao, kimevikwa rangi ya bluu mikono mitatu kama mtoto aliyefunikwa gubigubi. Ndicho kilichotakiwa kugusana na chuma, na rangi ilikuwa imeketi katikati yao.

"Ni mimi," Tajeu akasema polepole. "Nimelinyamazisha mwenyewe kwa kulipenda."

"Hukulinyamazisha. Umelifanya lilie," Anande akasema. Alikuwa na kisu mkononi. Kukwangua rangi ile ni kazi isiyomaliza hata kikombe cha chai. Alikishikilia tu kisu.

"Mama? Kuna tatizo?"

"Tajeu, nataka unisamehe jambo. Nilijua tangu Aprili."

Akamweleza yote. Kituo, ubao, nguzo za msituni, ukungu wa Julai, koti la Yoeli. Na miezi mitatu aliyokaa karibu na spika wakati wenzao wanamcheka Tajeu. Hakuna mtu aliyewahi kuyasikia maneno hayo, hata Aminieli, kwa sababu Anande hakuwahi kudhani ni maneno ya kumwambia mtu. Alisema akitazama kisu. Alipomaliza, Tajeu alisogeza kikombe chake pembeni.

"Niliumia sana, yeyo," akasema, akimwita kama wanavyowaita mama zao kwao. "Kuna Jumapili nilitaka nisishuke tena."

"Najua. Niliona."

"Lakini umesema." Akanyoosha mkono, akarudisha chuma mahali pake bila kukifunga, akakaza nyuzi kidogo, akawasha spika. Mvumo ukajaa chumbani. "Basi sikiliza mpaka utosheke. Mimi sina haraka, mdogo wangu anaangalia ng'ombe."

Wakakaa. Nje ukungu ulianza kugeuka manyunyu. Anande alifumba macho na kushuka, akapita kiangazi na masika, akapita sauti za watu wote aliowaunganisha bila kujua waliambizana nini. Safari hii hakuwa peke yake huko. Alisikia Tajeu akipumua upande wa pili wa meza, na kijiko kikigonga kikombe. Hakuhesabu muda. Alipofumbua macho chai ilikuwa imepoa.

"Haya," akasema. "Zima, tumalize."

Alikwangua rangi mpaka mbao ikaonekana, akausafisha waya ukang'aa, akakwangua na tumbo la kile chuma, akavikutanisha na kukaza skrubu. Mita ikasogea. Tajeu akakaza nyuzi, akawasha spika, akaweka kidole juu ya uzi wa nne bila kuupiga.

Kilikuwa kimya kama cha kisima. Kisha akaupiga, na sauti ikatoka peke yake, nene, safi, ikatembea sakafuni mpaka kwenye miguu ya kabati. Tajeu alicheka kwa sauti. Anande hakuwahi kumsikia akicheka.

Siku ya Mavuno kanisa lilijaa mpaka milangoni, mikungu ya ndizi na magunia ya mahindi yamepangwa madhabahuni, na jogoo mmoja wa sadaka akikatiza matangazo. Mwalimu Godwin alikuwa amelisikia gitaa kwenye mazoezi, akalizunguka mara mbili na kuuliza nani kalitengeneza. Alipoambiwa, alimtazama Anande kama mtu aliyegundua chumba kipya nyumbani kwake. Kwaya iliimba nyimbo nne. Katika wa tatu kuna mahali sauti zote hunyamaza na besi hutembea peke yake hatua saba kabla sauti ya pili haijaingia. Tajeu alizitembea hatua zile taratibu, na kati ya hatua moja na nyingine hapakuwa na kitu. Anande alikuwa anasikiliza. Alichelewa kuingia, sauti ya pili yote ikachelewa pamoja naye, na Godwin akawakazia macho mpaka jasho likawatoka.

Walitoka mchana wingu limeinuka. Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni, jambo la nadra mwezi ule. Tajeu alimsindikiza Anande mpaka kona ya mashine ya kusaga, gitaa mgongoni ndani ya blanketi lake.

"Unautamani ule mvumo?" akamuuliza.

"Asubuhi niliutamani mpaka nikataka kulia," Anande akasema. "Tena huenda nikautamani na kesho. Lakini ule wimbo wa tatu, Tajeu. Zile hatua. Nani alikufundisha kuacha nafasi kubwa namna ile katikati?"

Tajeu akawaza. "Hakuna. Lilipokuwa linavuma nilikuwa naogopa kuacha."

Wakaagana. Tajeu akashuka kutafuta gari la kwao, naye Anande akaingia kwake, akavua viatu vya kanisani, akainjika maji ya ugali, na kumpigia simu Irine Dodoma ili amsimulie alivyoiharibu sauti ya pili mbele ya wageni wote.